Kutoka Kwenye Skrini Hadi Ubao wa Matangazo

Hotuba kwa vijana wa fani ya kompyuta na watendaji wa vyama vya ushirika, Mtwara

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakufunzi wetu, makatibu na wahasibu wa AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, mliotoka Tandahimba, Newala, Masasi na Nanyumbu, ndugu zetu wa Lindi mliotoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vijana wa fani ya kompyuta, mabibi na mabwana: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo katika miradi mingi ya mifumo ya kompyuta huachiwa siku za mwisho kabisa, wakati bajeti imekwisha na kila mtu amechoka, nayo ni kuuchukua ukurasa wa wavuti na kuugeuza kuwa hati inayochapika. Nitatetea rai moja tu. Kazi hiyo haianzi kwa kuchagua maktaba ya programu, yaani msimbo wa kuazima. Inaanza kwa kuamua karatasi itaishia wapi na nini kisomeke juu yake, na uamuzi huo ni wa mtu, wala hakuna maktaba itakayoufanya kwa niaba yake.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Kusini kuliko wanavyodhani wanaotuuzia mifumo. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu zinauzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, unapimwa na kuandikiwa stakabadhi, unasafirishwa hadi ghala kuu, unauzwa mnadani, kisha malipo yanashuka pamoja na orodha ya makato. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo sasa imo kwenye kompyuta, na katibu wa chama anaweza kuifungua kwenye kivinjari cha simu yake. Hata hivyo mwanachama anayetaka kujua kilo zake na mjengeko wa bei haendi kuangalia simu ya katibu. Anakwenda kwenye ubao wa matangazo, anatafuta jina lake kwa kidole, na anachokitafuta baada ya jina ni sahihi na muhuri. Mfumo ukiwa mzuri kiasi gani kwenye skrini, kwa mwanachama yule mfumo ni ile karatasi. Ikikosea karatasi, umekosea mfumo, na kikao kitakachofuata mnakijua nyinyi makatibu kuliko mimi.

Tatizo letu lina asili yake. Mwaka 1989 Mwingereza Tim Berners-Lee, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN huko Geneva, alipendekeza mfumo wa kuunganisha taarifa uliokuja kuwa wavuti, na msingi wake ulikuwa kwamba mwandishi anaeleza maudhui, na mashine ya msomaji inaamua yaonekaneje, kulingana na ukubwa wa dirisha lake. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1991, John Warnock wa kampuni ya Adobe ya Marekani aliandika waraka wa mradi aliouita Camelot, wenye nia iliyo kinyume kabisa: hati ionekane vilevile, herufi kwa herufi na mstari kwa mstari, kwenye mashine yoyote na printa yoyote. Mradi huo ulizaa PDF mwaka 1993, na mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 32000-1. Kwa hiyo tunapogeuza HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kuwa PDF tunaviunganisha vitu viwili vilivyobuniwa kwa nia zinazopingana. Ukurasa wa wavuti unanyumbuka na hauna mwisho. Unashuka kadiri msomaji anavyousogeza. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na hata ukiibembeleza haitakuongezea mstari.

Ukurasa wa wavuti ni jora la kanga, na hati ni doti iliyokwisha kukatwa. Asiyejua pindo linaanzia wapi atapitisha mkasi katikati ya jina, na kanga hiyo hakuna atakayeivaa. Maktaba ya programu ni mkasi mkali sana. Unakata pale unapoelekezwa, na usipoelekezwa unakata pale kitambaa kilipofika.

Hebu tuitazame mikasi yenyewe, maana vijana mmekuja na daftari na mnataka majina. Ninaposema maktaba nina maana ya msimbo ulioandikwa na wengine ambao wewe unauita ndani ya programu yako, ukaupa HTML na ukarudishiwa faili la PDF.

Kwa miaka mingi jina lililotajwa kuliko yote lilikuwa wkhtmltopdf, programu ndogo inayobeba ndani yake WebKit, injini ya kivinjari, yaani sehemu inayosoma HTML na kuuchora ukurasa. Ilikuwa ya bure, nyepesi, na ilifanya kazi na lugha yoyote ya programu. Bado nakutana nayo kwenye mifumo ya huku kwetu. Lakini toleo lake la mwisho, 0.12.6, ni la mwaka 2020, na mwezi Januari 2023 hazina yake ya msimbo ilifungwa rasmi isipokee mabadiliko tena. Injini iliyomo ni ya zamani, haielewi mbinu za kisasa za kupanga ukurasa ambazo vijana mnafundishwa leo, na kasoro ya usalama ikigunduliwa hakuna atakayeiziba. Mwenzake PhantomJS alisimamishwa kuendelezwa mapema zaidi, mwaka 2018. Ukiikuta mojawapo kwenye mfumo unaofanya kazi, usiing'oe kwa pupa katikati ya msimu. Andaa mbadala wakati wa palizi, minada ikiwa imefungwa. Kwa mradi mpya, msianze nazo.

Waliochukua nafasi hiyo ni wale wanaotumia kivinjari kamili kisicho na dirisha. Chrome iliruhusu kuendeshwa hivyo mwaka 2017, na mwaka huohuo Google ikatoa maktaba ya Puppeteer, kisha mwaka 2020 Microsoft ikatoa Playwright. Programu yako inafungua kivinjari kimyakimya, inaupakia ukurasa, inasubiri JavaScript, msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa, imalize kazi yake, halafu inaagiza PDF. Faida yake ni kwamba kila kinachoonekana kwenye kivinjari kinawezekana kwenye hati, ikiwamo michoro ya takwimu. Gharama yake ni uzito: kivinjari chenyewe ni mamia ya megabaiti, na kila kinapofunguliwa kinameza kumbukumbu ya mashine. Seva ndogo ya kukodi ikiombwa hati nyingi kwa mpigo siku ya malipo itazidiwa, kwa hiyo hati zipangiwe foleni, zitengenezwe moja baada ya moja, badala ya kila anayebofya kufunguliwa kivinjari chake.

Kuna kundi la tatu ambalo mimi nalipenda zaidi, na nakiri kwamba ni mapenzi ya mtu anayechapa majedwali mengi kuliko michoro. Hizi ni maktaba zilizoandikwa mahususi kwa ajili ya karatasi, bila kivinjari ndani yake. Kwa wanaotumia lugha ya Python ipo WeasyPrint, iliyoanzishwa Ufaransa, ya bure na ya chanzo huria, ambayo haiendeshi JavaScript hata kidogo lakini inajua kwa undani mambo ya kurasa: vichwa vya juu na chini, namba za kurasa, ukingo tofauti kwa ukurasa wa kwanza. Ipo Prince, inayotengenezwa Australia na kampuni ya YesLogic, yenye uwezo mkubwa zaidi, lakini matumizi ya biashara yanalipiwa. Kwa wa PHP ipo dompdf, rahisi kuisakinisha hata kwenye huduma ya bei ya chini ya kuhifadhi tovuti, ila uelewa wake wa CSS, lugha ya kuupamba ukurasa, ni wa kizazi cha nyuma na jedwali lenye mamia ya mistari huichosha. Kwa jedwali la wanachama wa chama kimoja kidogo itakutosha. Kwa orodha ya chama kikuu, hapana.

Njia ya nne naitaja ili niikataze. Zipo programu zinazopiga picha ya ukurasa ndani ya kivinjari cha mtumiaji, kisha zinaibandika ile picha kwenye PDF. Matokeo yanapendeza kwa dakika ya kwanza. Lakini ukurasa mmoja wa A4 kwa ukali wa nukta 150 kwa inchi ni pikseli 1,240 kwa 1,754, yaani zaidi ya pikseli milioni mbili kwa kila karatasi, na kurasa arobaini za namna hiyo zinakuwa faili zito ambalo katibu wa kijijini hatalituma kwa kifurushi alichobakiza. Zaidi ya hapo, maandishi yamekuwa picha. Huwezi kutafuta jina ndani yake, huwezi kunakili namba, na mtu asiyeona anayetumia programu ya kusomewa hatasomewa chochote. Programu nayo hukata picha pale urefu wa karatasi ulipofika, hata kama ni katikati ya mstari: nusu ya juu ya jina la mwanachama inabaki ukurasa wa tatu, nusu ya chini inaanza ukurasa wa nne.

Sasa nifike kwenye kiini, nacho ni ukataji wa kurasa. Wengi hawajui kwamba lugha hiyo ya CSS, iliyopendekezwa na Håkon Wium Lie wa Norway mwaka 1994, ilishaweka kanuni za karatasi katika toleo lake la pili la mwaka 1998. Tangu wakati huo unaweza kuandika seti moja ya mitindo kwa ajili ya skrini na nyingine kwa ajili ya uchapaji, ndani ya ukurasa uleule. Menyu, vitufe na matangazo vinafichwa; ukubwa wa karatasi na kingo zake vinatajwa kwa milimita kwa kanuni ya @page; maandishi yanapewa ukubwa kwa pointi. Mwandika programu ambaye hajaandika mitindo ya uchapaji halafu anailaumu maktaba anamlaumu dereva kwa safari ambayo hakumwambia inaelekea wapi. Kwa taarifa tu, Puppeteer hutumia mitindo ya uchapaji bila kuagizwa, wakati wkhtmltopdf hutumia ya skrini hadi uiambie vinginevyo, na hiyo ndiyo sababu ukurasa uleule ukihama kutoka maktaba moja kwenda nyingine unatoka na sura mbili.

Chukueni orodha ya malipo ya chama. Ina safu wima za namba ya uanachama, jina, kilo za daraja la kwanza, kilo za daraja la pili, bei, makato na malipo halisi. Kwenye skrini ni jedwali moja refu. Kwenye karatasi inakuwa kurasa kumi na kitu, na kuanzia ukurasa wa pili msomaji hajui safu ipi ni kilo na ipi ni makato, isipokuwa kichwa cha jedwali kimewekwa ndani ya lebo ya thead, ambayo injini nyingi hukirudia juu ya kila ukurasa. Jedwali lililoandikwa kwa div tupu, yaani lebo za visanduku vya kawaida, kama vijana wengi wanavyopenda siku hizi, halina thead, hivyo halirudii kitu. Kisha kila mstari wa mwanachama upewe sifa ya break-inside yenye thamani ya avoid, ili jina refu lililoangukia mistari miwili lisigawanywe kati ya kurasa mbili. Haya mawili peke yake huondoa nusu ya malalamiko.

Nusu iliyobaki iko kwenye jumla. Mtu makini atauweka mstari wa jumla kuu ndani ya lebo ya tfoot, maana ndivyo vitabu vinavyoelekeza. Lakini kama thead inavyorudiwa juu, injini kadhaa huirudia tfoot chini ya kila ukurasa. Matokeo yake ni kwamba karatasi ya kwanza ina majina thelathini na chini yake imeandikwa jumla kuu ya chama kizima. Karatasi ya pili vivyo hivyo. Na mwanachama mwenye akili zake timamu anajumlisha yale majina thelathini kwa kikokotoo cha simu na kupata kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa. Nimeona chama kimoja, ambacho sitakitaja, kikipoteza asubuhi nzima kueleza kwamba hakuna fedha iliyopotea. Hesabu zilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Tiba yake ni neno moja la CSS, kuiambia tfoot ijione kuwa kundi la kawaida la mistari, yaani table-row-group, au kuihamishia jumla kwenye mstari wa mwisho wa jedwali. Na ukiwa na muda, weka chini ya kila ukurasa jumla ya ukurasa huo, iliyokokotolewa na programu yako, na uiandike kwa maneno kamili kwamba ni jumla ya ukurasa huu.

Sehemu ya sahihi nayo ni kitu kimoja kisichogawanyika. Jina la mwenyekiti, nafasi ya sahihi, tarehe na nafasi ya muhuri viwekwe ndani ya fungu moja lisilokatika, na fungu hilo liambiwe lisitengane na mistari michache iliyo juu yake. Karatasi yenye sahihi na muhuri peke yake, bila jina hata moja la mwanachama juu yake, ni karatasi ya hatari. Mtu anaweza kuiambatisha na orodha yoyote. Kwa sababu hiyohiyo kila ukurasa uwe na namba ya namna ya "ukurasa 4 kati ya 12" pamoja na namba ya hati, ili ukichomolewa mmoja ionekane.

Nilisema herufi kwa herufi, basi tuzungumze herufi. Kiswahili kina bahati: herufi zetu zote zimo kwenye seti ya msingi kabisa ya kompyuta, kwa hiyo watu hudhani hatuna tabu ya fonti. Ipo moja. Andikeni jina la kata ya Ng'apa, pale Lindi. Simu nyingi, kwa kujifanya zina adabu, hubadilisha kile kistari kilichosimama kuwa alama ya kunukuu iliyopinda, na alama hiyo haimo kwenye seti ya msingi. Katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote kwenye kompyuta, inahifadhiwa kwa baiti tatu. Ukurasa usipotamka wazi kwamba umeandikwa kwa UTF-8, maktaba huzisoma baiti zile tatu kama herufi tatu tofauti, na karatasi inatoka imeandikwa Ngâ€™apa. Hivyo hivyo kwa kila Ng'ombe, Ng'anjo na kila mkazi wa kila kijiji chenye ng' ndani yake. Mstari mmoja wa kutaja UTF-8 juu ya HTML unatosha, na kwa usalama zaidi programu ibadilishe alama iliyopinda iwe iliyonyooka kabla ya kuhifadhi jina, ili anayetafuta Ng'apa ampate kila wa Ng'apa.

Fonti zenyewe zina mtego mwingine. Kompyuta unayotengenezea mfumo ina Arial. Seva ya Linux uliyokodi huenda haina, kwa hiyo inaweka fonti nyingine kimyakimya. Ikiangukia DejaVu, ambayo herufi zake ni pana zaidi, safu zilizokaa vizuri ofisini kwako zinafurika, na orodha ya kurasa kumi na mbili inakuwa ya kumi na nne. Beba fonti yako pamoja na mradi, iwe faili ndani ya folda ya mfumo, na uielekeze maktaba hapo. PDF hubeba ndani yake zile herufi zilizotumika, hivyo printa ya steshenari yoyote, iwe Mikindani au Kilwa Masoko, itachapa kilekile ulichokiona.

Rangi nitazipitia haraka. Printa nyingi za vyama ni za nyeusi, na kijani cha "amelipwa" na chekundu cha "amesitishiwa" vyote hutoka kijivu. Andika neno, usitegemee rangi. Na msishangae mandhari ya rangi ikitoweka kwenye hati, maana vivinjari kwa kawaida huiacha ili kuokoa wino hadi uiagize.

Tarehe ina ujanja wake. Seva nyingi huhesabu saa kwa UTC, majira ya kimataifa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Hati inayotengenezwa kati ya saa sita na saa tisa usiku, ambapo mifumo mingi hupangiwa kazi za usiku, itabeba tarehe ya jana. Kwenye stakabadhi hilo ni jambo la kuulizwa na mkaguzi. Taja majira ya Dar es Salaam waziwazi kwenye programu.

Sasa jambo ambalo watendaji mnapaswa kulisikia hata kama mengine yamewapita. Maktaba hizi hufuata maelekezo ya HTML, na HTML inaweza kuagiza faili liletwe kutoka popote. Ikiwa sehemu ya maelezo inayojazwa na mtumiaji inaingizwa kwenye ukurasa bila kusafishwa, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuandika humo lebo inayoiagiza seva isome faili lake la ndani na kulichapa kwenye PDF, kisha akaipakua akalisoma. Si nadharia: mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba dompdf ya wakati huo ingeweza kulaghaiwa ipakue fonti bandia yenye msimbo ndani yake na kuuendesha kwenye seva, na waendelezaji wakalazimika kutoa toleo jipya. Safisheni kila kinachoingia, zuieni maktaba isiende mtandaoni wala kwenye folda isizozihitaji, na sasisheni matoleo.

Sambamba na hilo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuhusu. Orodha ya ubaoni haihitaji namba ya akaunti ya benki wala namba ya simu ya mwanachama. Jina, namba ya uanachama, kilo na malipo vinatosha, na chama kijadili hata hivyo. Tengenezeni hati mbili kutoka data moja, ya benki na ya ubao. Msidhani kwamba kuweka kisanduku cheusi juu ya namba kunaificha: kwenye PDF maandishi yaliyo chini ya kisanduku bado yamo, na yeyote anaweza kuyanakili. Kisichotakiwa kisiandikwe kabisa.

Wapo watakaoniambia kuna huduma za mtandaoni za kulipia, unazipelekea HTML na zinakurudishia PDF, hakuna haja ya kuhangaika na maktaba. Zipo, na baadhi ni nzuri. Lakini taarifa za wanachama wako zinavuka mipaka ya nchi, na hilo lina masharti yake kisheria. Tena kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Chama ambacho hati zake zinatengenezwa na mashine iliyopo ofisini kingeendelea kuchapa siku ile, mradi umeme upo. Kwa kazi ya korosho, ufuta na mbaazi, ambayo ina msimu na haina subira, ningeweka maktaba ndani ya mfumo wenyewe kila inapowezekana.

Leseni msizipuuze. WeasyPrint inatumika bure hata ndani ya mfumo wa kuuza. iText, maktaba maarufu ya lugha ya Java yenye asili ya Ubelgiji, tangu toleo lake la tano iko chini ya leseni ya AGPL: ukiitumia kwenye mfumo unaowahudumia watu mtandaoni, ama uweke wazi msimbo wa mfumo wako wote, ama ununue leseni. Kijana anayemuuzia chama mfumo ajue hilo kabla ya kusaini mkataba, na chama kimuulize.

Hati za kuhifadhiwa miaka mingi zina aina yake ya PDF, inaitwa PDF/A, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2005, ambayo hulazimisha fonti zote ziwemo ndani na hukataza kutegemea kitu chochote cha nje. WeasyPrint na Prince zote huweza kuitoa. Kwa hesabu za mwaka za chama, itumieni.

Mchana huu vijana mtapewa faili moja la HTML lenye majina ya kubuni ya wanachama mia tatu, yakiwamo ya ng' ya kutosha, na mstari wa jumla uliowekwa makusudi ndani ya tfoot. Kila kundi litachagua maktaba yake, litaandika mitindo ya uchapaji, na litachapa kwenye printa ya nyeusi iliyoko mlangoni, si kuonyesha kwenye skrini. Karatasi zitabandikwa kwenye ukuta ule wa nyuma. Makatibu na wahasibu ndio watakaosahihisha, na kalamu nyekundu wameshagawiwa. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.